Vilivyopita Mikononi Mwangu Mwezi Huu

 Ukisikia mvumo nyuma ya sauti yangu, siyo mvua. Ni feni ya studio. Nimeomba izimwe, fundi mitambo akaniambia nichague: feni, au joto la Dar es Salaam. Nimechagua feni.

Leo ni mwisho wa mwezi, na kama kawaida yetu nimekuja kukusimulia nilichosoma, nilichotazama na nilichochorea. Lakini kabla sijaanza nina deni. Mwezi uliopita nilikusifia kitabu hapa hapa. Nilikisifia kweli kweli. Nilisema lugha yake tamu, nilisema usikikose. Siku kumi hazikupita, akanipigia simu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, yuko Mpwapwa. Baada ya salamu akaniambia: "Kaka, kitabu chako nimekitafuta hapa, hakuna. Nimemwagiza kondakta wa basi akiulizie Dodoma mjini, hakuna. Mdogo wangu yuko Kariakoo, kazunguka mpaka viatu vimelegea, hakuna. Sasa tuambie, wewe ulikipata wapi?"

Nikababaika. Maana ukweli, msikilizaji wangu, mimi sikuwahi kukishika kitabu kile. Nilisoma sifa zake mahali, zikanikolea, nikazibeba mpaka hapa nikazitia sauti yangu. Nilipokiri hivyo mwalimu alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe ulikuwa unatunusisha pilau la jirani."

Neno hilo limenikaa. Basi nimejiwekea sharti. Kuanzia leo, kitakachotajwa hapa ni kile tu nilichokishika mwenyewe mpaka mwisho wake. Kitabu, mpaka ukurasa wa mwisho. Filamu, mpaka majina ya waliocheza yanapopanda. Penseli, mpaka iwe fupi kuliko kidole gumba. Na nitakuambia nilikipataje, kilinisumbua wapi, na nani asihangaike nacho. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau sisi wasifiaji. Kama kitu kinamfaa kila mtu duniani, basi ni maji ya kunywa.

Tuanze na kitabu. Kinaitwa Peponi. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, mfasiri ni Ida Hadjivayanis, wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa hapa Dar es Salaam, mwaka 2022. Nilikinunua duka la vitabu la TPH, Mtaa wa Samora. Na mwalimu wangu wa Mpwapwa asikie vizuri: nilikikuta rafuni, nikakishika, nikakilipia.

Unaikumbuka Oktoba ya 2021? Habari zilipofika kwamba Gurnah amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kijiweni kwetu ubishi ulikwenda wiki nzima. Huyu anasema ni wetu, kazaliwa Unguja mwaka 1948. Yule anasema ni wao, kaondoka kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, kafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka kastaafu, na vitabu vyote kaandika kwa Kiingereza. Kahawa ilinyweka, kashata ziliisha, na katika watu wote waliokaa kwenye lile benchi hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma kitabu chake kimoja. Nami nilikuwemo. Tena mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Riwaya yenyewe ilitoka Uingereza mwaka 1994, na mwaka huo huo ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Hesabu mwenyewe: imepita miaka 28 ndipo kisa cha mtoto wa pwani yetu kikasomeka kwa lugha ambayo mtoto huyo angeizungumza. Sisemi hivyo kulaumu. Kutafsiri ni kazi, na asiyewahi kuijaribu achukue barua ya benki tu ageuze ukurasa mmoja, aone jioni itamkutia wapi.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake anaendesha kihoteli katika mji mdogo wa reli, na biashara haiendi. Tajiri mmoja wa pwani, jina lake Aziz, hupita pale akiwa na safari zake za biashara, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Yusuf anampenda. Siku moja tajiri anaondoka na mtoto mwenyewe. Mtoto anapanda treni akidhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Kumbe baba anadaiwa, na yeye ndiye rehani.

Rehani. Neno hili sisi tunalijua kwenye redio, kwenye baiskeli, kwenye hati ya shamba. Nilipolikuta karibu na jina la mtoto nilifunga kitabu nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Na hapa ndipo nikaona faida ya kukisoma kwa Kiswahili hata kama Kiingereza unakijua. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami, kwa mjomba, na kwa mzee yeyote anayekuja na peremende mfukoni. Unaweza kulitamka bila kuonyesha upande wowote. Kwetu haiwezekani. Ukimwita mtu ami, umeshasema ni damu ya baba yako. Ukimwita mjomba, umeshamtaja mama. Sasa kuna kijana anaitwa Khalil, mtunza duka la Aziz, ambaye amefika pale kabla ya Yusuf na kwa njia ile ile. Huyu anamkataza Yusuf asimwite tajiri kwa jina la undugu. Amwite Seyyid, kama watumishi wengine. Kwa Kiingereza mtoto anapoteza jamaa mmoja. Kwa Kiswahili anavuliwa ukoo.

Halafu lile jina la kitabu. Mfasiri hakuandika Pepo, kaongeza silabi moja mwishoni, Peponi. Kidogo tu, lakini angeiacha tupu nusu ya wasomaji wangekuwa wanatafuta mganga na ngoma mpaka sura ya mwisho.

Kilichonisumbua? Safari ya bara katikati ya kitabu. Ni ndefu, ina wapagazi wengi, machifu, mvua, homa na magomvi, nami nilipotea mara mbili nikarudi nyuma. Na kuna maneno ya kisiwani ambayo mimi wa bara ilinibidi nimuulize mama mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Makunduchi. Alinijibu kwa furaha, lakini kila neno lilikuja na kisa chake, kwa hiyo kurasa nne zilichukua jioni nzima. Anayetaka hadithi ya kisasi, ambamo mnyonge anainuka na kumtandika tajiri, hiki asikiguse. Mwisho wake utamwacha barabarani.

Ila kama uliwahi kuchukuliwa kwenu ukiwa mdogo, ukapelekwa mjini kwa ndugu "ukasome", ukafika ukakuta ndoo na ufagio vinakusubiri, kitabu hiki umeandikiwa wewe. Na tuko wengi kuliko tunavyokubali.

Sasa filamu. Nitaipita haraka kidogo, kwa sababu ya penseli, utaona.

Nimetazama Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji. Siyo mpya, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar upande wa filamu za kimataifa. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Mimi niliiona kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki, ukuta umepakwa chokaa ndiyo skrini. Nimeketi na vijana wa kidato cha sita ambao wanatahiniwa riwaya hiyo.

Wale vijana walinifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja. Wanayajua maudhui yote. Ukimgusa mmoja anakutajia ukoloni, matabaka, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, kwa mpangilio, kama anahesabu mbuzi. Kitabu chenyewe wengi hawakukisoma. Wamesoma kitini cha uhakiki. Basi taa zilipozimwa, Yasmin akatokea, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume wa umri wa baba yake, Unguja ya miaka ya 1950, nikasikia msichana mmoja nyuma yangu anasema taratibu, "Kumbe ni mdogo hivi." Tayari alikuwa ameandika insha tatu juu ya Yasmin.

Filamu ni ya saa moja na nusu hivi, riwaya ni ya kurasa mamia, kwa hiyo mengi yamebaki kitabuni. Ukitafuta visa vyote utanuna. Iendee kwa ajili ya vichochoro, taa za chemni, nyuso, muziki, na kimya. Ina kimya kingi. Mzee mmoja wa safu ya mwisho kilimshinda kile kimya, akaanza kutafsiri kwa sauti kama marehemu Lufufu enzi za vibanda vya video: "Hapa jamaa anamwambia, dada, mimi polisi wananitafuta!" Na filamu yenyewe ni ya Kiswahili! Walimnyamazisha, lakini nakuambia ukweli, alichangamsha. Asiyevumilia mwendo wa polepole asubiri ya mwezi ujao. Anayejiandaa na mtihani aitazame baada ya kusoma kitabu, asije akaandika kwenye karatasi ya mtihani kitu ambacho Adam Shafi hakukiandika.

Haya, tufike kwenye penseli.

Mwezi huu nimemaliza penseli moja. Hiki hapa kipande, nimekileta studio. Nikigonga mezani utakisikia. Ni 6B. Na nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kila ninapozungumzia vifaa vya kuchorea napata ujumbe wa aina moja: kaka, hivyo vitu vyako ni vya wazungu, sisi tutavipata wapi? Nikaanza kufuatilia penseli imetengenezwa na nini.

Babu zetu waliiita kalamu ya risasi, na kamusi bado zinaliweka jina hilo. Waarabu nao huiita hivyo hivyo kwa lugha yao. Lakini ndani ya penseli hakuna risasi, na haijawahi kuwamo. Ni kosa la zamani, la Ulaya. Karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, walikuta jiwe jeusi laini linaloacha alama, wachungaji wakalitumia kuwekea alama kondoo wao, na wataalamu wakadhani ni aina ya risasi. Ikachukua zaidi ya miaka 200 mpaka mkemia wa Sweden, Scheele, akaonyesha kwamba lile jiwe ni ndugu wa makaa. Kosa likasahihishwa maabara, jina likabaki mitaani. Kwa hiyo mzazi unayemwambia mtoto asitafune penseli atakufa kwa risasi, mwambie sababu nyingine. Mate yanatosha.

Jiwe hilo kwa Kiswahili ni kinywe. Nalo lipo kwetu. Nenda Mahenge, wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro. Nenda Ruangwa kule Lindi. Hata Mererani, tanzanaiti inakochimbwa, miamba yake ina kinywe, na ndiyo maana wachimbaji wanatoka shimoni weusi wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Siku hizi kinywe kinasakwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na ukisikia wakubwa wanakizungumzia ni kwa hilo. Mimi nakizungumzia kwa hiki kipande.

Na mti wake? Penseli nzuri hutaka mti wenye nyuzi zilizonyooka, laini, usiopasuka unapochongwa. Afrika Mashariki tunao: mtarakwa. Ni mti wa milimani, una harufu, na Kenya wengi wanaujua kwa nguzo za uzio kwa sababu mchwa hawaupendi. Kwa miaka mingi mbao zake zilisafirishwa kwenda kwa watengeneza penseli Ulaya. Huko Shume, Usambara Magharibi, enzi za Wajerumani, magogo ya mtarakwa yalishushwa mlimani kwa kamba za chuma, yananing'inia hewani juu ya bonde, mpaka Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Hebu fikiri, mkulima wa Kisambaa yuko na jembe lake, anainua macho anaona mti mzima unapita juu angani kwenda kuwa kalamu ya mtoto wa nchi nyingine.

Siku hizi penseli za bei ya chini ni za miti mingine myepesi. Hii yangu imeandikwa imetengenezwa mbali sana na hapa. Sikupanga, lakini naona vitu vyote vya mwezi huu ni vya nyumbani vilivyozunguka kwanza. Hadithi ya pwani yetu imepitia Kiingereza ikarudi. Hii nayo, miti tunayo, jiwe tunalo, na bado inakuja na meli.

Sasa kuhusu namba zake, maana dukani watakuchanganya. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alikuwa na shida: nchi yake iko vitani na Waingereza, lile jiwe la Borrowdale halifiki. Akachukua unga wa kinywe hafifu, akaukanda na udongo wa mfinyanzi, akauchoma kwenye tanuri. Akagundua kwamba ukizidisha udongo unapata penseli ngumu yenye mstari wa kijivu. Ukipunguza unapata laini yenye mstari mweusi. Mpaka leo ndivyo zinavyotengenezwa. Herufi H ni ya ugumu, B ni ya weusi, HB ipo katikati. Kadiri namba ya B inavyopanda, 2B, 4B, 6B, ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi na laini. Mfinyanzi yeyote wa Kisi, kule Ziwa Nyasa, angemwelewa Conté bila mkalimani.

Nilipoomba 6B kwenye duka la vifaa vya shule, dada muuzaji alinitazama kwa huruma. "Kaka, ya mtihani ni HB. Hiyo mashine haiisomi." Nikamwambia mimi mtihani nilishafeli zamani. Akacheka, akapanda kwenye kigoda, akazishusha kutoka rafu ya juu kabisa, pakiti ina vumbi. Bei yake ilikuwa kama ya chapati mbili na chai. Sasa ewe uliye mbali na duka kubwa, nakuambia hivi: tafuta 2B. Hiyo hata maduka ya pembeni wanayo, na kazi nyingi itakufanyia.

Na usiichonge kwa kichongeo. Kinywe laini kinakatika ndani, unachonga, kinadondoka, unachonga tena, penseli imeisha hujachora hata sikio. Chukua wembe, uchonge taratibu ukiusukuma mbali nawe, kama tulivyofanya darasa la pili, ukiacha ncha ndefu. Ukiilaza ncha hiyo ubavu unapata kivuli kipana; ukiisimamisha unapata mstari mwembamba. Wembe mmoja unakupa penseli mbili. Na ukiiangusha sakafuni, ihesabu imevunjika mifupa hata kama ngozi ni nzima.

Kasoro yake ni moja, na ni kubwa: inachafua. Mchoro wa asubuhi, jioni umehamia ukurasa wa pili, na mkono wako mweusi, na shati. Dawa yake ya mtaani niliipata saluni. Ile ya kupulizia nywele zisitawanyike, ukiipulizia mchoro kwa mbali, mara mbili tu, inaushika. Dada wa saluni ya jirani ananipulizia bure, ila daftari langu sasa linanukia kama bibi harusi.

Daftari lenyewe ni kaunta buku. Ndiyo, hii hii ya kuandikia madeni ya duka, ya kwaya mbili, kurasa 192, ina mistari. Nitakuambia kwa nini. Miaka kadhaa nyuma nilizawadiwa daftari zuri la kuchorea, karatasi nene ya rangi ya maziwa, jalada la kitambaa. Mpaka leo ni jeupe. Kila nikilifungua naogopa kuliharibu. Kaunta buku haina heshima hiyo. Unachora mguu ukaharibika, unachora mwingine juu yake, chini yake unaandika bei ya vitunguu. Mistari yake mwanzoni inakera, baada ya wiki huioni. Ila usithubutu kuitia rangi za maji. Karatasi zake nyepesi, zinajikunja kama jani la mgomba lililopigwa jua. Hata karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, haiwezi. Rangi za maji hutaka karatasi nzito, gramu 300 hivi, na hiyo ndiyo kweli ghali na adimu. Kwa anayejifunza, kata manila vipande, ubandike kingo zake zote nne kwenye ubao kwa utepe wa gundi kabla ya kulowesha. Haitakuwa tambarare kabisa, lakini utapata picha.

Kuna msikilizaji hapo atasema hayo ni ya watoto, msanii wa kweli anahitaji vifaa vya kweli. Sina ugomvi naye. Nitamkumbusha tu Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, akaanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na kanvasi. Alichukua hadibodi, zile za kujengea dari, akazikata miraba, na rangi akanunua ya mafuta, ya kupaka baiskeli. Ndiyo maana chui wake wanang'aa vile. Ni mng'ao wa baiskeli mpya. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, miaka minne tu ya kazi, na mtindo ukabaki na jina lake. Rangi hizo nami nilizijaribu mwezi huu, kipande kimoja cha hadibodi, chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Usifanye hivyo. Mama mwenye nyumba alidhani nimeunguza waya, na mimi kichwa kiliniuma siku mbili. Nje, kivulini, upepo uwepo, na uwe na subira: rangi moja ikauke kwanza ndipo ya pili iingie. Kanga niliyemchora ana madoa yaliyoungana. Anafanana zaidi na jiwe.

Kwa hiyo rangi ya mafuta sijaimaliza, na kwa sharti langu nilipaswa kuinyamazia. Nimechomekea tu.

Mahali ninapochorea zaidi ni kwenye pantoni, Magogoni kwenda Kigamboni. Pale watu hawana pa kwenda. Wamesimama, wanatazama maji au simu, mizigo miguuni. Una dakika chache, injini inatetemesha mkono, na mara mlango unashushwa wote wanakimbia. Kwa hiyo unajifunza kuchagua: leo migongo tu, kesho viatu tu. Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye kapu la samaki aliniona namchora. Akaja akainama, akatazama muda mrefu. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akasema, "Hiyo pua si yangu. Ila kapu ni langu. Hata ule uzi uliokatika umeuona." Akanionyesha uzi wenyewe. Nilikuwa nimeuchora bila kujua ni nini.

Basi muda umeniishia, fundi ananionyesha vidole viwili. Mwalimu wa Mpwapwa, nakala yangu ya Peponi nimeikabidhi jana jioni kwenye basi la Dodoma, kwenye bahasha ya kaki yenye jina lako. Konda atakupigia akifika. Soma, kisha mpe mwalimu mwenzako, kisha nirudishie, sina haraka. Ukifika kwenye safari ya bara utakuta ukurasa umechorwa ndala za mtu na penseli. Usizifute, siku hiyo kaunta buku niliisahau nyumbani. Na doa la mchuzi mwishoni siyo langu, ni la mama mwenye nyumba. Aliniambia atafafanua neno moja tu.